Msesewe wa Kina Kimambo

Kigogota namba elfu mbili na sita kilipanda mkuyu kwa miguu yake sita, kikasimama usawa wa kifua cha mtu mzima, kikatoa mdomo wake wa chuma na kugonga. Ko. Ko-ko. Kikanyamaza, kikabana sikio lake dogo la mpira kwenye gome, kikasikiliza. Ndani ya shina, kwa kina cha nusu kidole, jike la mbawakawa lisilozidi punje ya ufuta lilikuwa likichimba. Binadamu asingesikia kitu. Kigogota kilisikia kila tafuno. Kikasogea vidole viwili kushoto, kikachomeka sindano nyembamba kuliko unywele, kikapuliza tone moja la baridi kali. Tafuno likakoma. Kikapanda juu zaidi, kikagonga tena.

Asubuhi hiyo vigogota elfu nne vilikuwa kazini kwenye mteremko wote wa kusini wa Kilimanjaro, na kila pigo la kila kimoja liliingia kwenye ramani iliyotanda ukuta mzima wa Kituo cha Miti. Kila mti ulikuwa nukta. Nukta nyekundu ni mti unaoliwa, ya njano ni mti ulioanza kuingiliwa, ya kijani ni mti mzima au uliopona. Mhandisi Aikande Kimambo alisimama mbele ya ukuta huo kila siku kabla ya chai, kama watu wengine wanavyosimama mbele ya kioo. Na kwa nini asisimame? Masikio ya vigogota aliyabuni yeye. Kanuni iliyogeuza sauti kuwa rangi aliiandika yeye, kwa mkono wake, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Ulikuwa mwaka wa thelathini na moja tangu kipande cha mwisho cha barafu ya Kibo kiyeyuke. Watu wa tambarare walidhani mlima utakauka, na kwamba Mji wa Ngazi, uliokuwa umeshapanda kutoka Moshi ya zamani hadi ukingoni mwa msitu, nyumba zake zikisimama kwa miguu ya chuma juu ya migomba, ungehama wote. Haukuhama. Msitu uliendelea kukamua ukungu kila alfajiri. Majani yalidondosha matone, matone yakawa vijito, vijito vikaingia kwenye mifongo, ile mifereji waliyoichimba mababu kwa mikono, na kutoka hapo maji yakafika kwenye mabomba ya watu milioni moja na nusu. Mtoto wa Ngazi alifundishwa mapema kwamba anapokunywa maji, anakunywa miti.

Kisha akaja mdudu. Alifika ndani ya makreti ya mbao kutoka mbali, akashuka bandarini bila kibali, akapanda mlima. Watu walimwita dudu-ufuta. Yeye hali mbao, ni mkulima. Jike hubeba mbegu za kuvu kwenye kifuko kidogo mdomoni, huchimba handaki ndani ya mti, huzipanda ukutani, na watoto wake hula mazao hayo. Kuvu ndiyo inayoua. Huziba mishipa ya mti, maji yasipande, na mti mkubwa ulioanza kuota enzi za machifu hufa kwa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo wenye maji.

Zamani Kituo kilikuwa na mabibi na mabwana miti, watu wenye buti na daftari waliotembea kihamba kwa kihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, wakinywa chai kwa kila jirani na kuuliza hali ya kila mti. Vigogota vilipokuja, watu hao walipewa sherehe, cheti na pensheni. Tangu hapo kazi yote ilikuwa ya mashine, pamoja na Mratibu, akili mnemba iliyosoma ramani usiku na mchana.

Aikande alikuwa bado hajaketi fundi wake, Mbonea, alipoingia bila kubisha. Mbonea alikuwa Mpare wa Usangi, mrefu, mwenye ulimi usiopumzika.

"Mhandisi, Wamori ni rangi gani leo?"

"Kijani. Wamori ni kijani tangu Pasaka."

"Basi mimi macho yangu ni mabovu." Akaweka mezani tawi la msesewe. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama karatasi karibu na moto. "Jana nimepanda Wamori kubadilisha betri. Nimepita chini ya hiyo kijani yako. Inapukutika, Aikande."

"Itakuwa ni jua."

"Jua la kuchagua? Kahawa nzima, migomba mizima, misesewe na mikuyu ndiyo inaungua?"

Aikande alilitazama tawi, kisha ukuta. Mgongo wa Wamori, kati ya mito miwili, ulikuwa kijani kitupu kutoka chini hadi msituni. Ndiko alikozaliwa.

"Chukua begi lako," akasema.

Gari la waya liliwapandisha kwa dakika kumi na mbili. Walishuka karibu na kihamba cha Mama Urio, jirani wa utotoni wa Aikande, mama mnene mwenye kicheko cha kanisa zima. Mama Urio aliwakaribisha kwa mikono miwili, akawapeleka mwenyewe kwenye msesewe wake, tena kwa fahari.

"Huu hapa. Mwezi wa tatu ulikuwa mwekundu. Nililala bila kula. Sasa tazama!" Akainua kioo chake cha mkononi na kuonyesha ramani ya Kituo, ambayo kila mwananchi aliweza kuiona. "Kijani!"

Aikande aliinua kichwa. Juu, robo tatu ya matawi yalikuwa matupu. Akashusha macho kwenye shina. Matundu ya dudu-ufuta yalikuwepo, mamia, lakini kila moja lilikuwa limezibwa kwa kitu cha rangi ya gome, kigumu, kilichosawazishwa vizuri kwa kidole gumba. Akakwangua kimoja kwa ukucha. Akanusa.

Pua yake ilijua kabla ya kichwa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa shangazi yake: ndizi zilizochacha, ulezi, na uchungu wa gome la msesewe. Machicha ya mbege, pombe ya ndizi.

"Mama Urio, hii nani amekupa?"

"Hebu msikie! Si shangazi yako, Ndeta! Kila Jumamosi akishachuja anatugawia, kata mbili kwa kila nyumba. Uchungu wa msesewe unamuua mdudu humo humo tunduni. Mwanzoni tulibisha, tukajaribu mti mmoja. Wiki ile ile ramani yenu ikasema umepona. Tukajaribu wa pili, kijani. Sasa mgongo mzima unapaka. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto wanataka kuanza wiki ijayo."

Mbonea alikuwa ameshaelewa. Alijaribu kutania, kwa sababu alimwona mhandisi wake ameishiwa rangi. "Nyie Wachaga hamna dogo. Hata mdudu mnampokea kwa mbege."

"Na nyie Wapare mngempeleka mahakamani," Aikande alijibu bila kuondoa macho shinani.

Mbele yake kosa lilikuwa wazi kama ramani yenyewe. Mti ukijeruhiwa hutoa harufu hafifu ya kileo, na dudu-ufuta hufuata harufu hiyo kutoka mbali, maana ndiyo inayomwambia kwamba hapa kuna mti dhaifu. Machicha yalikuwa yakimwita. Zaidi ya hapo, machicha yakikauka huwa mazito kama godoro, yanameza sauti. Kigogota kilifika, kikaona tundu limezibwa, kikagonga, kisisikie kitu. Na kanuni ilisema nini? Tundu lililofunga, shina lililonyamaza: kidonda kimepona. Kijani.

Watu walipaka dawa kwa sababu ramani ilisema dawa inafanya kazi. Na ramani ilisema hivyo kwa sababu watu walikuwa wamepaka.

*

Shangazi Ndetaulwa Kimambo alikuwa uani, mikono imezama hadi viwiko kwenye pipa la ndizi zilizochemshwa. Alikuwa na miaka sitini na minane na alitengeneza mbege iliyotafutwa na watu hadi wa Ngazi ya chini, wenye mitambo ya kutengeneza kinywaji chochote kwa kubonyeza. Nyuma ya nyumba yake ulisimama msesewe wa kina Kimambo, mti ambao watu wanne wasingeweza kuukumbatia. Babu yao aliupanda, na chini yake alizikwa. Kila Krismasi ukoo ukikusanyika, kata ya kwanza ya mbege ilimwagwa pale shinani, na kila mwaka Ndeta alibandua ukanda mmoja wa gome, upande usioangalia jua, kwa ajili ya pombe ya mwaka unaofuata. Mti uliipa mbege uchungu, mbege ikarudi mizizini.

"Yeleuwi! Leo mlima umehama, Aikande amekuja siku ya kazi!" Shangazi alinyoosha mgongo. "Na huyu mrefu nani? Mchumba?"

"Ni fundi, shangazi."

"Fundi naye huoa." Akacheka, akafuta mikono. "Kaa, mwanangu. Umeona Wamori? Nyie mashine elfu nne, mimi ndoo moja. Nani mhandisi hapo?"

Aikande alikaa. Aliletewa kibuyu, akanywa. Ilikuwa mbege nzito, chachu kidogo, na mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, ule uchungu safi uliomfanya mtu atake kata ya pili. Alimtazama shangazi yake akiwaonyesha ramani kwenye kioo, kidole chenye ulezi kikipita juu ya nukta za kijani moja baada ya nyingine, akitaja majina: huu wa Mama Urio, huu wa kanisani, huu wa kwetu. Alimaliza kibuyu, akashukuru, akarudi Kituoni.

"Mratibu," alisema akiwa peke yake mbele ya ukuta, "chukulia kwamba matundu yote yaliyofunga Wamori yamezibwa na watu. Hesabu upya."

Ukuta ulifikiri kwa pumzi tatu. Kisha Wamori yote ikawa nyekundu.

"Vihamba mia tatu na arobaini," Mratibu alisema kwa sauti yake tulivu. "Majike wapya watatoka mvua za kwanza za vuli zitakapofuatwa na jua. Makadirio ni siku kumi na nne. Wataruka kupanda juu. Msitu wa chemchemi uko kilomita mbili."

"Tufanye nini?"

"Njia ya kwanza: kukata na kuchoma kila msesewe, mkuyu na mruka wa Wamori kabla ya siku hizo. Miti elfu sita na mia moja. Njia ya pili: mti wa mtego. Mti mmoja mkubwa hunyweshwa kileo hadi harufu yake ishinde harufu zote za mgongo. Majike huenda huko. Mti hukatwa na kuchomwa kabla watoto wao hawajakomaa."

"Mti upi?"

Nukta moja ikawaka. Hakuhitaji kusoma jina.

"Udongo wake una kileo kwa kina cha mita mbili," Mratibu alisema. "Sijaona mti mwingine wa namna hiyo mlimani. Sababu yake siijui."

"Mimi naijua," Aikande alisema. Kisha akauliza: "Kwa nini hukutilia shaka matundu yale?"

"Kanuni ya kidonda kilichofunga iliandikwa na wewe. Haina nafasi ya shaka."

*

Kesho yake alirudi peke yake, akamweleza shangazi yote, akiwa amesimama, bila kuzunguka. Ndeta alisikiliza huku akikoroga. Aikande alipofika kwenye neno "mnamwita", mwiko ukasimama.

"Kwa hiyo nimeua miti ya watu."

"Ramani ilikudanganya, shangazi. Na ramani ni mimi."

"Usinipake asali." Akatoa mwiko, akaukung'uta ukingoni mwa pipa. "Hiyo mashine yako imeugonga mti wangu mara ngapi tangu mwaka uanze?"

Aikande alijua takwimu hiyo. "Mara mia mbili na kumi na moja."

"Na mlango wangu?"

Aikande aligeuka kuutazama mlango.

"Yule Bwana Miti wa zamani, Masaki, alikuwa mlafi wa chai na muongo wa hadithi. Lakini angeingia hapa siku ya kwanza, angeona ndoo ya machicha, angeuliza, 'Ndeta, hii unapeleka wapi?' Basi. Swali moja." Alikaa kwenye kigoda kwa uzito. "Ningemjibu. Ningemjibu kwa majivuno, maana ndivyo nilivyo. Naye angeniambia, wewe mama, acha ujinga."

"Kuna jingine," Aikande alisema.

"Lipo usoni mwako tangu uingie. Sema."

Akasema. Shangazi aligeuka kuutazama msesewe, akaacha kuni zife chini ya pipa.

"Kwa hilo si mimi," alisema hatimaye. "Hilo ni la ukoo. Mwite Aminieli."

Aminieli Kimambo, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Aikande, alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye sauti ndogo na shingo ngumu. Jumapili baada ya ibada, ukoo na majirani wa Wamori walijaa uani kwa Ndeta. Mbonea alisimama nyuma, mara hii bila utani.

Aikande alikuwa ameandaa hotuba. Njiani kwenye gari la waya alikuwa ameichuja mara tatu, na kila alipoichuja jina la shangazi yake lilitoka ndani yake. Ingetosha kusema "baadhi ya wananchi". Ingetosha kusema "dawa za kienyeji". Lakini alipowaona wale watu, wengine wakiwa na machicha kwenye kucha bado, hotuba hiyo akaiacha.

"Miti yenu haijapona," alisema. "Inakufa. Rangi ya kijani mliyoiona ilikuwa kosa, na kosa hilo nililiandika mimi. Nimekulia kwenye ua huu. Nimenusa machicha kabla sijajua kusoma. Nilipoandika kanuni ya Kituo, sikukumbuka kwamba mtu anaweza kuziba tundu kwa kidole chake. Niliwaza miti tu. Sikuwawaza ninyi."

Minong'ono ikapanda. Kijana mmoja wa kina Urio akapaza sauti, "Na hayo machicha nani aliyatuletea? Semeni ukweli wote!"

Aikande alifungua mdomo, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Mimi," Ndeta alisema, akasimama. "Unanijua, umekunywa kwangu tangu ndevu hujaota. Nilifikiri nimepata dawa. Nikajiona mkubwa kuliko Kituo. Atakayenitukana anitukane leo, maana kesho nina kazi."

Hakuna aliyemtukana. Mama Urio alianza kulia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kanisa zima.

Aikande akaeleza mti wa mtego. Akaeleza siku zilizobaki, sasa kumi na mbili, akaeleza msitu wa chemchemi na maji. Alipomaliza, macho yote yalimwendea Aminieli. Yule mzee hakusimama.

"Baba yangu yuko chini ya mti ule," alisema taratibu. "Na mama. Na ndugu yangu, baba yako wewe, Aikande, tulimleta hapo kwa jeneza la mninga. Kila nilichofanya maishani nilikwenda kukisema pale kwanza. Nikifaulu, nikifeli, nikioa. Unaniambia nikate?"

"Nakuomba, baba mkubwa."

"Na tukishaukata, tutakwenda kusemea wapi?"

Aikande alitazama kule nyuma ya nyumba, ulikosimama mti.

"Sijui," alisema.

Mzee alimtazama. Labda alikuwa amejiandaa kwa jibu la kitaalamu, la mnara wa kumbukumbu au mche mpya, na angelikataa kwa shingo yake yote. Hilo "sijui" halikumpa pa kushikia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Angalau hujadanganya," alisema. "Chukueni."

*

Kituo kilileta matangi ya kileo cha maabara. Ndeta alisimama mbele ya mafundi, mikono kiunoni.

"Hamwagi mtu dawa ya hospitali juu ya baba yangu. Mdudu wa Wamori ameitwa kwa mbege. Mwiteni kwa mbege."

Mbonea alimtazama Aikande. Aikande akamwuliza Mratibu, na Mratibu akaomba sampuli. Baada ya saa tatu za majaribio kwenye masanduku ya vioo akatoa jibu: kati ya majike mia, kumi na tisa walikwenda kwenye kileo cha maabara, themanini na moja kwenye mbege ya Ndeta.

"Sababu yake siijui," alisema Mratibu.

"Mwambie aje ajifunze," Ndeta alisema.

Kwa siku saba mgongo wote ulipika. Kila chungu, kila pipa, kila mama aliyejua kupima uchachu kwa kidole alikuwa kazini, na ulezi ulisagwa mpaka mashine zikaungua. Hakuna aliyeonja. Mbege yote iliingia kwenye mizizi ya msesewe mmoja, kwa mirija ambayo Mbonea aliizika duara. Aminieli alikuja kila asubuhi, akasimama, akaongea na mti kwa sauti ndogo, akaondoka. Hakuna aliyeuliza alikuwa akisema nini.

Mvua za vuli zilinyesha siku mbili. Siku ya tatu jua likatoka, na saa kumi alasiri hewa ya Wamori ikajaa vumbi jeusi lililotembea. Majike walikuja kutoka kila kihamba, juu ya paa, kati ya migomba, wakipita mikuyu na misesewe mingine kama wasioiona, wakatua kwenye shina la kina Kimambo hadi gome likaonekana linachemka. Baadaye unga mweupe wa mbao ulianza kudondoka chini kama pumba chini ya mashine.

Kigogota kimoja kilikuwa kimebanwa pale kusikiliza. Ndeta aliomba kisikilizi, akakiweka sikioni. Aikande alijua sauti iliyokuwemo, kama mvua kubwa juu ya majani makavu ya migomba. Shangazi alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akakirudisha, akaingia ndani na kufunga mlango.

Siku ya kumi na nane tangu wadudu watue, mti ulikatwa kwa misumeno isiyotoa sauti, ukasagwa, ukachomwa kwenye tanuru la Kituo. Mratibu akatangaza matokeo: sehemu tisini na nne kwa mia ya wadudu wa Wamori walikuwa wameteketea. Waliobaki vigogota vingeweza kuwamaliza. Msitu wa chemchemi ulikuwa mzima. Magazeti yaliandika. Kituo kikarudisha mabibi na mabwana miti, kikawapa buti mpya, na Aikande akaandika kwenye kanuni mstari mmoja: hakuna nukta itakayogeuka kijani kabla mtu hajafika pale na kuongea na mwenye kihamba. Mratibu aliuliza mstari huo upimwe vipi. Aikande alimwambia usipimwe.

Lakini kulikuwa na mistari mingine, na hiyo nayo ilibidi aiandike yeye. Kwa miaka kumi na tano, marufuku kubandua gome la msesewe popote mlimani, maana kila jeraha ni mwaliko. Marufuku kumwaga pombe kwenye shina au ardhini karibu na miti.

Krismasi ilipofika watu wa kina Kimambo walipanda kutoka Dar, Dodoma, Nairobi, na mmoja kutoka kituo cha angani cha Mwezi, akiwa bado anatembea kwa kuyumba. Mbuzi alichinjwa. Ndeta alipika mbege, akaipika vizuri kama kawaida yake, ndizi zile zile, ulezi ule ule, moto ule ule. Kitu kimoja tu hakikuwemo.

Aminieli alichota kata ya kwanza, kama mkubwa wa ukoo. Akatembea nayo hadi nyuma ya nyumba, ukoo wote ukimfuata. Pale palipokuwa na mti palikuwa na mwanga mwingi, mwingi kuliko walivyozoea, na udongo uliochimbuliwa kuzunguka makaburi hata visiki vya mizizi visibaki. Mzee alisimama. Mkono wake ulianza kuinamisha kata, kwa mazoea ya miaka sabini, kisha ukasimama. Alikumbuka marufuku. Alibaki hivyo, kata imejaa, akitazama ardhi.

Mwisho akageuka, akaipitisha kata mbele ya watu wote wazima waliotangulia, akampa Aikande.

"Kunywa wewe," alisema.

Aikande akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Mbege iliteremka nzito na laini. Akausubiri nyuma ya ulimi ule uchungu wa mwisho. Haukuja.

"Ikoje?" Ndeta aliuliza. Alikuwa amesimama kando, mikono imefungwa kwenye kanga, kidevu juu.

Wote walimtazama Aikande. Angeweza kusema nzuri.

"Ni tamu tupu, shangazi."

"Najua," Ndeta alisema. Akaja, akaichukua kata mkononi mwake, akanywa iliyobaki mpaka ikaisha, akaenda kuwachotea wengine.